Darsa la Ramadhani, siku ya 18: Funga inalipika, dawa ya mtoto haingoji

Ndugu zangu wa Mbesa,

Leo tuseme na mzazi mwenye mtoto anayetibiwa uvimbe wa saratani. Kutoka kwetu mpaka Muhimbili ni mbali, na dawa za dripu huenda kwa mizunguko. Mara nyingine uvimbe unanywea mapema, mtoto anacheza, na nyumbani wanasema: "Si kashapona huyu? Subirini Idi ipite." Hapo ndipo penye hatari. Uvimbe kuisha machoni si kuisha mwilini. Matibabu yakikatishwa, ugonjwa unaweza kurudi.

Sasa tazama huruma ya dini yetu. Katika Suratul Baqara, aya ya 185, mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula, walipe siku nyingine. Basi mama, usiahirishe tarehe ya daktari kwa ajili ya funga. Funga utailipa, tarehe ile hutaipata tena.

Na mtoto aliye kwenye dawa hizo akishikwa na homa, mpeleke hospitali saa ile ile, hata usiku wa manane. Kinga yake iko chini.

Subira si kukausha machozi. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe, naye ndiye mfano wetu wa subira. Lia, kisha panda gari.

Nasi majirani, tusiulize nani kamroga. Tuulize nauli imepungua kiasi gani, na waliobaki nyumbani nani anawapikia futari.

Allah awaponye watoto wetu. Amin.