SOMO: Tuwajue Ndege wa Kinamasi na Shamba, Machi hadi Mei



Somo la safari hii ni la macho kuliko la jembe. Mwezi wa Machi na Aprili, sisi tunapongojea mvua ndefu, huko Ulaya baridi inaisha na majani yanachipuka. Ndege waliokimbia baridi ile wakaja kukaa kwetu huanza kurudi kwao kuzaa. Kwa hiyo wiki hizi ni nzuri sana: wageni bado wapo, wanakula kwa bidii wapate mafuta ya safari, na wenyeji nao wanaanza kujenga viota.

Tuchukue mfano wa Bunyala na kinamasi cha Yala, karibu na Ziwa Victoria. Upande mmoja kuna mafunjo, upande mwingine mpunga, mahindi na malisho. Ndani ya mafunjo anaishi ndege mwenye mgongo mweusi, kifua chekundu na utosi wa manjano. Yeye makao yake ni mafunjo tu. Yakifyekwa yote na kuchomwa, hana pa kwenda. Mara nyingi utamsikia kabla ya kumwona.

Kwenye majaruba utaona chamchanga wa miguu mirefu wakidonoa matopeni. Wengine wao huzalia kaskazini kabisa mwa Ulaya na Urusi. Tena mwangalie yule mdogo mwenye tumbo la manjano anayefuata ng'ombe akitikisa mkia, akila nzi. Januari rangi yake imefifia. Ikifika Machi, dume anang'aa kama amevaa nguo za arusi! Na mbayuwayu anayepita juu ya mpunga ana uzito wa gramu 20 hivi, lakini anavuka jangwa la Sahara.

Sasa kuna atakayeuliza: mbona tuwaangalie wezi wa mpunga? Swali ni la haki. Kwelea kwelea ni mwizi kweli. Huja kwa maelfu, na dume wake ana mdomo mwekundu. Lakini korongo mweupe hula panzi na viwavijeshi. Mnana huiba nafaka, ndiyo, lakini wengi wao hulisha makinda wadudu. Na yule korongo ambaye mdomo wake haufungi sawasawa katikati, chakula chake ni konokono na kombe wa matopeni. Mpunga wako hana haja nao. Asiyewatofautisha huwaadhibu wote kwa kosa la mmoja.

Hapa tuseme wazi. Kuanzia mwaka 2009 iliandikwa na kupigwa picha jinsi watu huko Bunyala walivyotia dawa kali ya wadudu, carbofuran, ndani ya konokono ili kuwaua hao korongo na kuuza nyama. Chamchanga nao walitegewa kumbikumbi wenye sumu. Nyama hiyo iliingia sufuriani. Sumu ya namna hii hushika mishipa ya fahamu: mtu hutokwa na mate na jasho, hutapika, macho huona giza, pumzi hubana. Usidhani kuchemsha kutaiondoa yote. Nyama ya ndege ikiuzwa rahisi na haina alama ya jiwe wala mtego, iacheni.

Kuangalia kwenyewe si kazi ngumu. Darubini ikiwepo vizuri, isipokuwepo macho yanatosha. Watu wanne wapite njia ile ile kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kimya, jua likiwa mgongoni, wasisogelee viota. Andikeni tarehe, hali ya hewa, idadi, na hasa ndege anakula nini, maana hapo ndipo mkulima anapopata jibu lake. Jina mkilikosa, andikeni sura yake. Wachungaji wa ng'ombe na wazee wana majina mengi kwa lugha ya mama. Yaandikeni hayo hayo, yasipotee.

Mkikuta ndege wengi wamekufa pamoja, msiwashike kwa mikono mitupu wala msiwape mbwa. Mpelekeeni habari chifu, ofisa wa mifugo au watu wa KWS, daftari mkononi, waonyesheni siku na mahali.

Matembezi ya mwisho yawe wiki ya kwanza ya Mei, mwone nani ameondoka na nani amebaki.