Kuunganisha kifundo cha mguu: gharama haziishii chumba cha upasuaji

SWALI: Daktari, miaka 6 iliyopita nilivunjika kifundo cha mguu kwenye ajali ya bodaboda. Sasa kila hatua ni maumivu, na nimeshauriwa mifupa iunganishwe. Je, upasuaji huu hufanyika mara nyingi? Nijiandae na gharama gani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana. Upasuaji huu ni wa nadra kuliko ule wa kubadilisha nyonga au goti, kwa sababu kifundo hakichakai sana kwa uzee tu. Wagonjwa wengi ni kama wewe, waliowahi kuumia. Gegedu likiisha, mifupa husagana. Daktari hukwangua gegedu lililobaki, kisha huukaza mfupa wa muundi na ule ulio chini yake kwa skrubu hadi iwe mfupa mmoja. Kifundo hakitakunjika tena, lakini wengi hupata nafuu kubwa ya maumivu.

Kuhusu bei, usiulizie upasuaji peke yake. Omba mchanganuo: skrubu, dawa ya usingizi, kitanda, eksirei, hogo na magongo. Ongeza nauli za kliniki na kipato utakachokosa, maana mfupa huchukua miezi 3 hivi kuunga. Kama una bima, uliza mapema iwapo inalipia vyuma.

Kwa baadhi ya wagonjwa mfupa hukataa kuunga, na kurudia upasuaji ni gharama mpya. Sigara huongeza hatari hiyo. Kama unavuta, acha kabla hujapanga tarehe.