Mama mjamzito na mbabula ndani ya hema

Hapa Kivu wamama wengi waliokimbia vita wanapikia ndani ya hema kwa kuogopa mvua na wezi. Makala yakiwa mekundu, bila moshi, tunadhani hatari imekwisha. Hapana! Yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyoonekana wala kunusika, ambayo inachukua nafasi ya oksijeni katika damu ya mama. Mtoto tumboni anaweza kuzaliwa kabla ya wakati, au na uzito chini ya kilo 2.5, na mtoto wa namna hiyo anashikwa upesi na magonjwa.

Mbabula isilale ndani, hata kukiwa baridi. Viongozi, jengeni paa la kupikia pamoja na wenyeji. Baba naye achochee moto, si aibu. Mama akisikia kizunguzungu na kichwa kuuma, atoke nje mara moja, kisha apelekwe kituo cha afya.