SOMO LA BIOLOJIA: MAFUTA YA MIKROBI NA JENI INAYOYAFICHUA



Mwaka jana mwenzetu mmoja alikohoa zaidi ya wiki mbili. Wengine walisema amerogwa, wengine walikataa kunywa kwa kikombe chake. Na mimi, kapita wenu, ndimi niliyemwambia ahamie banki ya nyuma, peke yake. Akaacha kuja masomo. Kisha tukasikia ni kifua kikuu. Alipata dawa, akapona, na sasa yuko kati yetu. Nimemwomba samahani, naye amenipa ruhusa kuandika habari hii bila jina lake. Somo hili ni deni langu kwake.

1. ADUI ANAVAA NINI?

Kifua kikuu kinaletwa na basili ya Koch. Iliitwa hivyo juu ya Robert Koch, aliyeitangaza kule Berlin tarehe 24 Machi 1882. Basili hii iko na ukuta mnene wa mafuta. Mafuta yake makubwa yanaitwa asidi ya mikoliki, mnyororo mrefu wa kaboni 60 hadi 90. Fikiri mwizi aliyejipaka mawese mwili mzima: ukimshika, anateleza. Ndivyo basili inavyoweza kuishi hata ndani ya makrofaji, ile selile iliyotumwa kuimeza.

2. JENI CD1 INAFANYA KAZI GANI?

Zamani ilifundishwa kwamba limfosite T zinatambua vipande vya protini tu, vinavyoonyeshwa na molekuli za HLA. Jeni za HLA ziko kwenye kromozomu 6. Lakini mwaka 1994 watafiti wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba limfosite T inaweza kutambua mafuta pia. Mafuta gani? Ni ile ile asidi ya mikoliki ya basili ya kifua kikuu! Na mwenye kuyaonyesha ni protini inayoitwa CD1b.

Mtu ana jeni tano za CD1, zote kwenye kromozomu 1: CD1A, CD1B, CD1C, CD1D na CD1E. Jeni CD1B inatoa maagizo ya kutengeneza protini yenye tundu refu ndani yake. Protini hiyo inashuka katika vifuko vyenye asidi ndani ya selile, pale mikrobi inapovunjwa. Mkia wa mafuta unaingia katika tundu, kichwa kinabaki inje. Kisha inapanda juu ya selile. Ni kama mama muuzaji wa soko la Kadutu: gunia limefungwa, lakini kiganja kimoja cha maharagwe kiko juu ili mpita njia aone. Limfosite T ikipita na kukitambua kile kichwa, inapiga kengele.

3. PANYA NA DENDE

Panya wa maabara hana CD1B. Amebaki na CD1D tu. Lakini dende, hawa tunaowafuga jikoni, wanayo CD1b. Kwa hiyo kwa somo hili dende anafanana nasi kuliko panya.

Tena, HLA inatofautiana sana kati ya mtu na mtu, lakini CD1 karibu ni moja kwa watu wote. Ndiyo sababu watafiti wanachunguza kama mafuta ya basili yanaweza kusaidia kupata chanjo ya kufaa mataifa yote. Chanjo tuliyo nayo ni BCG, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1921. Inakinga watoto wadogo na kifua kikuu kikali, lakini wakubwa haiwakingi vizuri.

4. MAFUTA HAYO HAYO YANAIPONZA BASILI

Katika laboratwari, makohozi yanatiwa rangi nyekundu. Ukuta wa mafuta unaishika sana, hata asidi haiiondoi. Kwa hiyo mwenye darubini anaona vijiti vyekundu juu ya buluu. Na dawa isoniazidi inazuia basili kutengeneza asidi ya mikoliki: nguo ya adui inachanika.

Lakini CD1 peke yake haitoshi, na dawa ya wiki tatu haitoshi. Matibabu ya kawaida ni miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi mine. Katika inchi yetu dawa hizi ni za bure. Ukikohoa wiki mbili, peleka makohozi yapimwe. Tufungue madirisha ya darasa. Kikombe hakiambukizi, ugonjwa unapita kwa hewa.

Mikrobi ya ukoma nayo ni ndugu ya basili ya Koch, yenye ukuta wa mafuta vilevile. Bwana Yesu alinyosha mkono akamgusa mwenye ukoma. Mimi nilimsukuma mwenzangu nyuma. Ndugu, tusirudie.

MASWALI
a) Juu ya nini basili inabaki nyekundu?
b) CD1b inaonyesha nini, na kwa nani?
c) Nani katika darasa lako anakohoa, na wewe umemfanyia nini?

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita Biolojia-Kemia