Kuzungumza na Mraibu wa Pombe



Sisi tunaosoma masomo ya Kiislamu tukikaa na mraibu wa pombe, hukumu huwa tayari iko mdomoni. Lakini Mwislamu anayekunywa usiku nyuma ya geti lake hapa Nyarutarama anajua kuwa pombe ni haramu. Ndiyo maana anajificha. Ukianza na hukumu, umemwambia analolijua na kumpa sababu ya kujificha zaidi.

Katika Sahihi Bukhari imo habari ya Abdullah, sahaba aliyekuwa akimchekesha Mtume (s.a.w.). Aliletwa mara kwa mara kwa kosa la ulevi, akaadhibiwa. Mtu mmoja alipomlaani, Mtume alimkataza, akashuhudia kwamba bwana yule anampenda Allah na Mtume Wake. Tazameni vizuri: adhabu haikufutwa, wala ulevi haukufanywa jambo dogo. Kilichozuiwa ni ulimi wa aliyesimama pembeni.

Washauri nasaha wa leo wana njia inayokaribiana na adabu hiyo. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, aliandika kuhusu mazungumzo yanayomwacha mnywaji ataje mwenyewe sababu zake za kubadilika. Baadaye aliiendeleza njia hiyo pamoja na Stephen Rollnick. Mtu akisukumwa hujitetea, na anavyozidi kuitetea chupa ndivyo anavyozidi kuing'ang'ania. Kwa hiyo, badala ya "Kwa nini huachi?", uliza: "Kaka, pombe inakupa nini, na inakuondolea nini?" Kisha nyamaza. Akisema, "Watoto hawanisogelei tena," usirukie aya. Mrudishie neno lake: "Unawakosa wanao." Ataendelea mwenyewe. (Kimya hiki ni kigumu kwetu, tuliozoea kutoa mawaidha.)

Uliza pia anakunywa kiasi gani, tangu lini, na kama asubuhi mikono humtetemeka. Aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akiacha ghafla, anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa, hata kufa. Huyo usimhimize aache usiku huohuo. Msindikize kwa daktari. Hospitali ya Ndera, katika wilaya yetu hii ya Gasabo, hutibu magonjwa ya akili na uraibu.

Na siri yake itunze. Usimwombee dua kwa jina mbele ya watu baada ya swala ya Ijumaa, hata kwa nia njema, mpaka aombe mwenyewe.