Soma namba kabla ya kugusa pipa

Mfanyakazi, ukikuta pipa la dawa usiyoijua, usinuse. Soma lebo. Kwenye intaneti kuna Kadi za Kimataifa za Usalama wa Kemikali, za Shirika la Kazi la Kimataifa na Shirika la Afya Duniani. Ukibahatisha jina, herufi moja tu inaweza kukupoteza. Afadhali ufungue orodha ya majina, A mpaka Z, ushuke polepole kwa macho. Katika orodha ya Kifaransa zebaki iko kwenye M, «mercure». Kwenye Z hutaiona.

Namba ya CAS ni bora zaidi, maana haibadiliki kwa lugha yoyote. Zebaki ni 7439-97-6, kadi 0056. Sianidi ya sodiamu ni 143-33-9, kadi 1118. Hiyo ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua.

Zebaki hutoa mvuke hata bila moto. Ndugu wa Kabambare anayechomea dhahabu jikoni anamvutisha mvuke huo bibi yake mwenye mimba, pamoja na watoto.

Asiye na simu aje dispanseri, tutafungua kadi pamoja. Alete namba iliyoandikwa kwenye karatasi, asilete dawa yenyewe.