Gramps Bila Intaneti: Maswali na Majibu ya Marudio kwa Wanafunzi wa Tarime na Serengeti

Haya ni marudio kwa wanaojifunza kutunza nasaba kwa programu ya Gramps mahali ambapo mtandao hukatika au haupo kabisa. Mtahini atataka kuona kama unaweza kumsikiliza mzee na kuandika alichosema bila kukipindisha ili kitoshee kwenye kisanduku cha kompyuta. Majina ya watu ni ya mfano tu.

1. Kwa nini tumechagua Gramps?

Ni programu huria, haiuzwi, na ilianza mwaka 2001. Inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. Kumbukumbu zote hukaa ndani ya kompyuta yako, wala huhitaji akaunti ya kuingilia. Bando unalihitaji siku ya kuipakua pamoja na mwongozo wake tu.

2. Mwanafunzi yuko Nyamwaga, hana mtandao. Amebofya sehemu ya msaada na hakuna kilichofunguka. Alikosea wapi?

Alikosea kabla ya kuondoka mjini. Kitufe cha msaada hukupeleka kwenye tovuti, kwa hiyo mwongozo haumo ndani ya programu. Ukiwa Tarime mjini au Mugumu, fungua sura za mwongozo moja moja, zihifadhi kama PDF, ziweke kwenye folda moja na nakala nyingine kwenye flashi. Sehemu nne ni bora uzichapishe steshenari: watu, familia, tarehe, na nakala rudufu. Hakikisha toleo la mwongozo ni lile lile la programu uliyo nayo, la sivyo utatafuta vitufe ambavyo havipo. Gramps huja na faili la mfano lenye familia ya kubuni. Fanyia mazoezi humo, uharibu humo, ndipo uguse ukoo wako.

3. Unao akina Chacha Mwita watatu kwenye orodha. Utawatofautishaje?

Kwanza, "Mwita" hapa ni jina la baba. Liandike penye jina la pili, kisha kwenye asili ya jina chagua kwamba limetokana na baba. Ukoo na ikiaro (kundi la koo kadhaa, kwa mfano Abanyabasi au Abairege) viandike kama sifa za mtu. Programu humpa kila mtu namba yake. Itumie hata kwenye daftari. Usiwaunganishe watu wawili kwa sababu ya jina peke yake. Linganisha mama, nyumba na rika.

4. Eleza jinsi rika la Kikurya linavyoweza kufichua kosa kwenye mti wa ukoo. (Alama nyingi)

Swali hili ndilo muhimu kuliko yote, na wengi hulijibu kwa sentensi mbili.

Wakurya wana mizunguko miwili ya marika ya vizazi. Mmoja ni Abasaai, Abanyamburiti, Abagamunyere, Abamaina. Mwingine ni Abachuma, Abamairabe, Abagini, Abanyangi. Mtoto huingia rika linalofuata lile la baba yake, ndani ya mzunguko ule ule. Basi baba akiwa wa Abasaai, mwanawe ni wa Abanyamburiti, mjukuu ni wa Abagamunyere, kitukuu ni wa Abamaina, na kilembwe anarudi Abasaai.

Sasa chukua mfano. Umeandika kwamba Marwa ni mtoto wa Nyamhanga. Mzee anakuambia Nyamhanga alikuwa wa Abasaai na Marwa wa Abagamunyere. Hapo kizazi kimoja kimerukwa: Marwa ni mjukuu, na kuna mtu katikati ambaye hajatajwa. Kama Marwa ni wa Abagini, tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa amehamia mzunguko mwingine. Huenda umechanganya Marwa wawili. Gramps haiufahamu utaratibu huu. Unda sifa mpya uiite "rika", ijaze kwa kila mtu, kisha ipitie mwenyewe mstari kwa mstari. Hakuna cheti kitakachokupa kipimo kizuri kama hiki kwa watu waliozaliwa kabla ya Uhuru.

Onyo kwa walio Serengeti: Waikoma, Wanata na Wangoreme waulize wazee wao. Usiwabandikie orodha ya Kikurya.

5. Bibi anasema alizaa kifungua mimba "kabla ya vita vya Amin". Utaandika tarehe gani?

Vita vilianza Oktoba 1978, kwa hiyo andika "kabla ya Oktoba 1978". Programu inakubali kabla ya, baada ya, takriban, na kati ya. Tarehe 1 Januari ya kubuni ni kosa la kukunyima alama. Maneno ya bibi yaweke kwenye maelezo kama alivyoyatamka, na yeye mwenyewe umwandike kama chanzo, pamoja na siku na mahali mlipoongea.

6. Nyumba ntobhu itaingizwaje?

Mwanamke mwenye umri mkubwa, mara nyingi asiye na mtoto wa kiume, hutoa ng'ombe na kuoa msichana. Watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu, kwa hiyo karatasi za serikali hazitakusaidia. Fungua familia, muoaji umweke nafasi ya mume, na aina ya ndoa uandike "nyumba ntobhu". Kwa kila mtoto, uhusiano na mama aliyemzaa ni wa kuzaliwa. Uhusiano na muoaji uupe jina lako mwenyewe. Zana ya uhakiki itakuonya kwamba mume ni mwanamke. Liache onyo hilo, familia iko sahihi. Baba mzazi asiyetajwa na nyumba hiyo acha wazi, usijaze kwa uvumi.

7. Babu alizaliwa Shirati, "wilaya ya Tarime". Je, sahihi?

Kwa wakati wake ndiyo. Rorya ilitengwa na Tarime mwaka 2007. Gramps huruhusu mahali pamoja kuwa chini ya wilaya tofauti kwa miaka tofauti. Fanya vivyo hivyo kwa ndugu wa ng'ambo ya Sirari, kwani mpaka wa wakoloni uliwagawa watu wa ikiaro kimoja.

8. Nakala rudufu?

Faili la kifurushi cha Gramps hubeba picha pia. GEDCOM hubeba maandishi tu, ila husomwa na programu nyingine. Tengeneza zote mbili.

9. Binti wa familia amekimbia ukeketaji na yuko nyumba salama. Uandike nini?

Andika jina, wazazi na tarehe ya kuzaliwa. Tarehe hiyo inaweza kuthibitisha kwamba bado ni mtoto kisheria. Mahali alipo usiandike popote, hata kwenye maelezo. Rekodi yake iwekee kufuli la faragha, na unapotoa nakala ya kugawa, ondoa rekodi za faragha na watu walio hai. Kumbuka pia sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mjomba akiomba faili kamili, mpe lile lililochujwa tu.